Jemu ya Mapera ya Mama Dorca

Gusa udongo. Weka kwenye ulimi. Sasa nyosha kidole juu, useme: haki ya Mungu, sitamwambia mtu.

Umesema? Vizuri. Watu wote wa mlimani tuliapishwa hivyo hivyo mbele ya mchungaji, na tazama, hata chai yako haijapoa na mimi nimeshafungua mdomo. Lakini wewe ufunge wako.

Ilikuwa mwaka ule wa kura za mlolongo, kule Kodero, mlima ulio juu ya Kisumu ukielekea Maseno. Juu kabisa palikuwa na hoteli ndogo ya wageni, na sisi tuliishi kuizunguka kama vifaranga na mama yao. Huyu anauza maziwa, yule anafua mashuka, yule anabeba mizigo. Wageni walipanda kutoka mjini kukimbia joto na mbu. Walilala na blanketi mbili, wakaamka kuliangalia ziwa huko chini, wakala mkate na jemu ya mapera, wakateremka wakiisifu hiyo jemu.

Mpishi wake alikuwa Mama Dorca, mjane, kiongozi wa akina mama wa maombi. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa kukaa jikoni kila jioni, hadi wanaume wenzake wakamcheka. Alipokufa, Dorca alikaa mwaka mzima kimya, amekonda. Kisha akaletewa Jentrix, amsaidie jikoni.

Jentrix alitoka Bungoma, hana mama, ameolewa juzi na Khaemba, askari wa usiku wa hoteli. Dorca akamchukua kama mtoto wake wa tumbo. Akampa kitanda, akampa lesso, akamfundisha kupika. "Nyathina," alimwita, yaani mtoto wangu. Msichana ambaye hajawahi kuitwa hivyo, utamwambia nini?

Sasa, mvua ndefu zilipoanza, mambo yakaharibika.

Wageni wako mezani, jioni, wanakunywa supu... Pa! Jiwe juu ya mabati. Pa! Lingine. Mlango unakwaruzwa. Kisha miguu. Miguu mitupu, mbio, inazunguka nyumba. Unaisikia huku, na kabla hujageuza shingo iko kule.

Jajuok, tukasema. Mkimbiaji wa usiku.

Wageni wakaanza kuteremka kabla ya chai ya asubuhi. Maziwa yakatugandia kwenye debe. Na njaa ikianza kubisha hodi, watu hutafuta jina. Likapatikana la Khaemba. Si wa hapa, hana ukoo wa kumsemea, na kazi yake ni kutembea gizani. Rahisi hivyo.

Jioni moja, jua likiingia, Jentrix alitumwa mapera kwa Nabututu, mama muuza mayai na matunda.

"Mapera tena?" Nabututu akauliza.

"Mama Dorca anapika jemu."

"Jemu ya nani? Wageni wamebaki wawili, na mmoja hana meno." Akamjazia kikapu polepole. "Mwambie bwana yako apumzishe miguu."

"Nabututu! Wewe ni mtu wa kwetu. Hata wewe?"

"Ndiyo, wa kwetu, na kwetu tunajua. Anayekimbia usiku hakimbii peke yake. Lazima mtu abaki motoni amkorogee chungu. Mwiko ukisimama, miguu inasimama. Sasa bwana yako anakorogewa na nani?"

"Mimi jioni niko jikoni ya hoteli. Kila mtu anajua."

Nabututu akainama hadi pumzi yake ikamgusa sikio. "Leo wanaume wanamngoja kwa tangi la maji. Wana panga. Mimi sijasema kitu."

Jentrix alirudi mbio, mapera yakimwagika njiani. Akaanguka kifuani kwa Mama Dorca, akamweleza yote.

"Nyathina, nyamaza," Dorca akamnong'oneza. "Nani atamgusa mume wako nikiwa hai? Naenda kwa Bwana Joram sasa hivi. Yeye ndiye meneja, watamsikiliza. Wewe koroga."

"Wacha nikamwambie Khaemba kwanza..."

"Wakuone ukimkimbilia? Watasema unamwonya mchawi mwenzako. Utakuwa umemmaliza wewe mwenyewe. Koroga. Upande mmoja tu. Usisimame, itashika chini."

Akafungua redio kama kila siku, kwa sauti ya juu, ati Jentrix asiogope. Lakini betri zilikuwa zimechoka. Jentrix alikuwa ameziweka juani tangu asubuhi, na jua la mlimani wakati wa mvua ni la kuombwa. Mtangazaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi... akanyamaza.

Dorca akaitikisa redio. Akaangalia dirisha. Giza lilikuwa limeshaingia, na ukungu nyuma yake.

Akatoka.

Jentrix akakoroga. Mvuke ulinukia tamu, harufu ya mapera. Chini ya utamu huo palikuwa na harufu nyingine. Nywele zilizoungua.

Ko.

Mwiko uligonga kitu ndani ya sufuria.

Pa! Jiwe juu ya mabati ya hoteli.

Akaendelea kukoroga. Ko. Mwiko ukagonga tena, kitu kigumu, cha mviringo. Pa! Mabati yakalia.

Mkono wake ukawa mzito, akakoroga polepole. Na huko nje, ile miguu... ikapunguza mwendo.

Akakoroga haraka. Miguu ikakimbia.

Jioni zote zile. Redio ikiimba, na yeye akikoroga.

Akatazama sakafuni. Chini ya meza vilikaa viatu vya Mama Dorca, raba zake nyeupe za kwenda maombi, vimepangwa vizuri. Juu yake limekunjwa gauni.

Hapo kelele zikapasuka upande wa tangi.

"Tumemshika! Tumemshika!"

"Mama Dorca alisema kweli! Alisema atapita hapa!"

Maneno hayo yalimwingia Jentrix kuliko panga. Kisha akasikia sauti ya Khaemba, nyembamba, si sauti yake ya kila siku. Alikuwa akiita jina la mke wake.

Jentrix akaachilia mwiko.

Mwiko haukusimama.

Ulizunguka peke yake, taratibu, upande ule ule, kama umeshikwa na mkono mwingine kutoka chini. Juu ya mabati, pa! Kule kwa tangi mtu akafoka, "Ana mwenzake! Mkateni kwanza huyu!"

Akaukamata ule mwiko kwa mikono miwili. Ukamvuta. Naye akauvuta. Jemu ikamrukia mikononi ikichemka, hakusikia uchungu. Akaikumbatia sufuria kwa lesso aliyopewa na Dorca, akaing'oa motoni, akaisukuma chini.

Jiwe jeusi likabingirika sakafuni, likatulia.

Kimya.

Hata vyura walinyamaza.

Kisha kishindo kizito, kama gunia la mahindi limeangushwa, pale pale mbele ya baraza ya hoteli. Na mguno.

Tulikuja wote. Bwana Joram mbele na taa ya karabai, wale wageni wawili na blanketi zao, wanaume na panga wakimburuta Khaemba, damu inamtoka sikioni. Jentrix akatokea mlango wa jikoni, mikono imevimba.

Joram akainua taa.

Mama Dorca alikuwa uchi kama alivyozaliwa, amepakwa majivu kutoka utosini. Mawe mkononi. Alikuwa amepiga magoti nusu, mguu mmoja mbele, kama mtu anayekimbia, lakini miguu imekauka pale pale. Alijaribu kuinuka. Hakuinuka. Nabututu akaziba macho, akachungulia kati ya vidole.

"Mama Dorca?" Joram akasema, kwa sauti ya mtoto. "Si wewe uliyetuombea Jumapili?"

Dorca hakuangalia panga wala watu. Alizungusha shingo polepole mpaka macho yake yakampata Jentrix. Na ninakuambia, hayakuwa na hasira. Yalikuwa na machozi.

"Nyathina," akasema, wote tukisikia. "Tumekimbia pamoja vizuri siku zote hizi. Mbona leo umeniacha?"

Taa ikageuka. Nyuso zikageuka. Wanaume wakaachilia mikono ya Khaemba, moja baada ya nyingine.

"Khaemba," Jentrix akanong'ona. "Mimi sikujua..."

Khaemba akamtazama mke wake. Akatazama mikono yake iliyoungua na jemu.

Akarudi nyuma hatua moja.