Mwitikiaji wa Hadithi za Mzee Bura

Hadithi za Mzee Bura zilikuwa kumi na mbili. Fabiola alizihesabu zikiwa kwenye kanda, akazihesabu tena zilipoingizwa kwenye kompyuta. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi, alipoiamuru programu iziunganishe ziwe kitabu kimoja cha kusikiliza, kila hadithi na sura yake, kioo kilimletea sura kumi na tatu.

"Mashine ya mitumba hii!" Akasonya, akafuta, akaanza upya.

Fabiola alikuwa mtu wa hasira za karibu, na wiki ile hasira zake zilikuwa na haki. Surua ilikuwa imemwachia mwanawe Judica, wa miaka tisa, mwanga mdogo tu wa kutofautisha dirisha na ukuta, na Jumatatu mtoto alikuwa anakwenda bweni, shule ya wasioona, nje kabisa ya mkoa. Hakuomba shuka wala viatu. Aliomba sauti ya babu yake, Mzee Bura, aliyezikwa kijijini Tumati mwezi wa nne. "Nikiisikia hiyo nitalala, mama," alisema. Mzazi gani angemnyima?

Duka la Fabiola la kuchapa na kutoa kopi lilikuwa Mbulu mjini. Miaka ile Manyara ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa mkoa, na kila mtu alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi. Kompyuta yake ilikuja kwa basi kutoka Arusha, monita yenye kisogo kirefu, kuukuu lakini inaenda. Programu aliwekewa na Nikolausi, fundi kutoka Katesh, kijana wa maneno mengi. Akamwambia, dada, hii inaunganisha, inagawa sura, na inaondoa kelele zote.

Kelele ndizo zilizomponza. Kanda za mzee zilirekodiwa nyumbani, na ndani yake mlikuwa na jogoo, mvua juu ya bati, na baada ya kila sentensi ya mzee, sauti ya mwanamke: "Eeeh." Huyo alikuwa mama yake Fabiola, Verediana. Kwa watu wa Tumati hadithi haisimuliwi kwa ukimya. Msimulizi hunena, mwitikiaji huitikia, na asipoitikia msimulizi hufunga mdomo, hata kama fisi wa hadithi amefika mlangoni. Mzee Bura aliwafinya wajukuu masikio kwa jambo hilo. "Anayesimuliwa lazima aitikie," alikuwa akisema. "Nafasi hiyo haiachwi wazi."

Fabiola aliyajua hayo tangu akiwa mgongoni. Lakini alitaka kitabu safi kama taarifa ya habari ya redioni, na msoma habari haitikiwi na mtu. Basi kwa siku tatu alikaa akimkata mama yake, eeeh moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, alihifadhi juu ya rekodi zile zile za mwanzo. Kanda zenyewe zilikwisha kurudi Tumati, na vijana wa kwaya, Mungu awasamehe, walirekodi nyimbo za Pasaka juu yake.

Mara ya pili, sura kumi na tatu tena. Akaifungua hiyo ya ziada. Ilikuwa ya dakika moja, kimya, na ndani ya kimya hicho maji yakidondoka, tone, tone.

Akaifuta. Akacheza ya kwanza ahakikishe. "Palikuwa na mtu na ng'ombe wake," alisema baba yake, na pale alipovuta pumzi, pale Fabiola alipokuwa amekata kwa mkono wake mwenyewe, mtu akaitikia.

"Eeeh."

Haikuwa sauti ya mama yake. Ilikuwa nzito, yenye maji, kama ya mtu anayejibu kabla hajameza.

Aliikata. Akahifadhi, akacheza, akaikuta palepale. Akaikata mara nane. Wateja wawili walikuja kutaka kopi akawafukuza kwa macho. Programu ilifika asilimia tisini na tisa ikaganda, akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Alikuwa karibu kulia kwa hasira, maana kitu hakikutaka tu kumalizika!

Nikolausi akaitwa. "Virusi, dada. Vinatoka kwenye disketi za watu," alisema, akaanza kutafuta dawa yake. Kisha akainua pua. Harufu ilikuwa inatoka kwenye matundu ya mashine, harufu ya tope la chemchemi ambapo ng'ombe wamekanyaga. Akafungua mfuniko. Ndani mlikuwa na vumbi tupu, kavu kabisa. Akainamisha sikio karibu na feni, akabaki hivyo kitambo.

"Unasikia nini?" Fabiola alinong'ona.

"Umeme wako una matatizo," alijibu kwa sauti ndogo, na yule wa maneno mengi akaondoka bila neno jingine, bisibisi yake akaiacha mezani.

Ijumaa mambo yalizidi. Kila Fabiola alipounganisha upya, sauti ya baba yake ilififia, na ile nyingine ikanenepa. Hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kinapotea, na hofu ikaikuta hasira ndani ya kifua chake. Saa nane mchana ukungu ulishuka kutoka milimani ukakaa barabarani, na Fabiola akafungulia hadithi ya saba, ile ya chemchemi isiyochotwa, akamsikia baba yake akisimulia haraka haraka, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuharakishwa na mtu, akihema kati ya maneno kama anayesukumwa kwenye kilima, na kila alipotaka kupumzika ile "eeeh" ilimdaka na kumsukuma mbele, na matone yakaendelea kudondoka nyuma yake, na harufu ya tope ikajaa duka hadi kwenye karatasi za kuchapia, mpaka mzee, aliyekufa na kuzikwa, akakatisha hadithi yake katikati na kusema maneno ambayo hayakuwa kwenye kanda yoyote.

"Nani anayeniitikia?"

"Eeeh," ikajibu.

Fabiola alichomoa waya ukutani. Akamtuma dereva wa gari la Tumati amwambie mama yake aje, hata kama atapanda juu ya magunia.

Verediana alifika Jumamosi asubuhi, shuka begani, miguu ina matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niwekee nisikie."

Alisikiliza hadithi moja tu, ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Mimi niko wapi humu?"

"Nilikukata, mama." Fabiola hakuweza kumtazama. "Nilidhani ni kelele."

"Miaka hamsini nilimwitikia baba yako. Nikiwa na mimba nilimwitikia. Nikiwa na homa nilimwitikia. Leo mimi ni kelele?"

"Nisamehe, mama." Fabiola aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

"Utaniomba baadaye. Sasa hivi ana shida baba yako." Akashusha sauti. "Huyo ni netlangw, jini la kwenye chemchemi. Hawa hawana mtu wa kukaa nao, kwa hiyo wanapenda mahali penye mazungumzo. Amekuta kiti changu hakina mtu, akakaa. Wewe ungekata mpaka ukamaliza vidole, asingeondoka. Anaondoka mwenye kiti akirudi."

"Na ile sura ya kumi na tatu? Nimeifuta."

"Kufuta kwako ndiko kumetufikisha hapa, mwanangu."

Wakafunga mlango wa duka. Fabiola akaweka maikrofoni mbele ya mama yake, akabonyeza kurekodi. Mzee akaanza, dhaifu, kwa mbali. "Eeeh," akasema Verediana, na ile nyingine ikasema pamoja naye. Sentensi ya pili akaiwahi. Ya tatu ikamwahi yeye. Bibi kizee yule alishindana kwenye kiti cha plastiki mchana kutwa, bila kula, sauti ikimkauka, jasho likimtoka katika baridi ile ya Mbulu, na kila hadithi iliyopita ile sauti ya maji ilirudi nyuma hatua moja ikinung'unika, na ya mzee ikasogea hatua moja mbele. Katika ya kumi na mbili Verediana aliitikia peke yake. Harufu ikakatika. Mzee Bura akamaliza taratibu, kama alivyozoea, na mkewe akaitikia neno la mwisho huku machozi yanamdondoka kwenye shuka. Fabiola alilia naye.

Programu ikaenda hadi asilimia mia bila kuganda. Sura kumi na mbili. Alizihesabu mara tatu kabla ya kuchoma CD.

Jumatatu Judica akaondoka, redio ndogo ya CD kwenye begi, uso una furaha. Jumatano jioni akapiga kwa simu ya matroni wa bweni.

"Shikamoo mama! Babu anasikika vizuri sana. Na bibi yupo!"

"Marahaba, mwanangu. Umefika ya ngapi?"

"Nimemaliza zote kumi na tatu."

Fabiola akakaa chini. "Ziko kumi na mbili, Judica."

"Hapana mama, ya mwisho siyo ya babu. Ni mtu mwingine anasimulia, polepole, kama ana maji mdomoni. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Ila bibi hayumo. Masikini, msimulizi huyo hana hata mtu wa kumwitikia."

Nyuma ya sauti ya mtoto, mbali kwenye simu, maji yalikuwa yanadondoka.

"Judica, nisikilize vizuri. Wewe hukumwitikia, sivyo?"

"Mama!" Mtoto alishangaa, kidogo amekasirika, kama aliyeulizwa kama ananawa mikono. "Babu si alinifundisha? Anayesimuliwa lazima aitikie."

Kisha Fabiola akamsikia akiondoa simu mdomoni, na kwa adabu zote alizolelewa nazo, akimgeukia aliyekuwa kando yake.

"Eeeh."