Mguu wa Kushoto wa Baba

Kila Jumamosi ya majira ya baridi Britta Lindvik aliamka kabla ya mama yake, akachemsha kahawa na kuijaza kwenye chupa ya baba ya kwenda nayo ziwani. Siku hizi chupa ile aliibeba Annika.

Annika, binti wa shangazi yake, alikuwa amehamia kwao Grevik, kaskazini mwa Minnesota, baada ya mama yake kupata kazi mbali. Alijua kutulia. Kwenye ziwa lililoganda, hicho ni kipaji. Mnatoboa barafu, mnaketi juu ya ndoo ndani ya kibanda, na hakuna kutembeatembea, maana vishindo hufukuza samaki. Britta hakuwa mtu wa kutulia. Basi kwenye mashindano ya uvuvi ya mji, ya siku mbili, baba alimchagua Annika awe mwenzake.

"Amenichukulia nafasi yangu," Britta alilalamika.

"Wiki nzima wimbo ni huohuo," mama alisema. "Huchoki?"

Hakuchoka. Jumamosi ile, siku ya kwanza ya mashindano, alisimama ufukweni akikitazama kibanda cha baba kwa wivu. Jioni wale wawili walirudi wakicheka, na samaki wao. Baba alikuwa anachechemea.

Alipovua buti karibu na jiko, Britta aliona. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuliko wa kulia. Akaugusa. Ulikuwa wa moto.

"Baba, mwalimu wa afya alisema mguu mmoja ukivimba hivi, damu inaweza kuwa imeganda ndani."

"Ni misuli tu. Jana nimeendesha lori kutwa kutoka Winnipeg," baba alisema. "Na mafuta ya damu yangu yamepimwa mwezi uliopita. Daktari kasema ni safi kuliko ya kijana. Damu yangu itagandaje?"

"Britta," mama aliita bila kugeuka kutoka kwenye sinki, "kama hutaki waende kesho, sema hivyo tu. Usimzulie baba yako ugonjwa."

Britta akatoka nje, machozi yakimlenga. Waende basi! Aanguke hukohuko! Kisha akilini akamwona baba ameanguka kweli juu ya barafu, na aliyemshika mkono ni Annika. Hilo lilimuuma kuliko yote. Akarudi ndani, akamfuata Annika, ambaye Britta hakuwa amemsemesha tangu Jumatatu.

"Wewe watakusikiliza. Kauangalie ule mguu."

"Umevimba kweli, au unataka nikose mashindano?"

"Nataka ukose mashindano. Na umevimba kweli. Yote mawili."

Annika alimtazama kidogo, akaenda. Akainama, akaigusa miguu yote miwili.

"Mjomba, mimi kesho siendi."

"Huendi? Tunaongoza!"

"Siketi kibandani na mtu mwenye mguu kama huu."

Hapo mama akafuta mikono, akaja kugusa mwenyewe. Alichukua funguo za gari.

Hospitalini walipiga picha ya mguu, wakaona bonge la damu ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni.

"Lakini mafuta yangu ni safi," baba alisisitiza.

"Ni safi, sikatai," daktari alisema. "Mafuta husafiri kwenye damu yakiwa yamebebwa na protini, na tukizipima tunajua mengi kuhusu mishipa ya moyo. Kuhusu bonge la mguuni, vipimo hivyo havituambii mengi. Wewe umeketi kwenye lori kutwa, kisha ukaketi kwenye ndoo kutwa. Damu ya mguuni inataka mtu asimame, atembee. Bonge hili lingesafiri hadi kwenye mapafu, lingeweza kukuua."

Akampa dawa ya kuzuia damu isigande zaidi. Mashindano yakaishia hapo.

Kwenye korido mama alimvuta Britta kando.

"Nilisikia wivu wako, nikaacha kuutazama mguu. Hilo ni kosa langu, nisamehe. Lakini na wewe, mwanangu, umelalamika wiki nzima mpaka neno lako la kweli likakosa wa kuliamini. Ukiona hatari kwenye mwili wa mtu, iseme. Ukipuuzwa, tafuta mwingine wa kukusaidia kuisema, hata kama humpendi. Ndivyo ulivyofanya leo."

Britta alichungulia chumbani. Annika alikuwa ameketi karibu na kitanda, baba anamchekesha.

"Bado namwonea wivu, mama."

"Najua. Hautaisha leo. Lakini haukukuziba mdomo, na baba yako anapumua."