Hodi Nyuma ya Ukuta

Anne-Marie alimwacha mtoto wake kwa Claudine, kwenye saluni yake ya kusuka nywele ndani ya Galerie d'Ixelles, jijini Brussels, kisha akaomba mfuko wa plastiki.

"Mufuko ya nini?" Claudine akauliza.

"Ya shati ya Sylvestre."

Claudine alikiacha kichwa alichokuwa akikisuka. Akatoa mfuko chini ya kaunta, akampa. Aliyeendelea kuuliza ni mteja aliyekaa kwenye kiti.

"Ule bwana yako wa kutembea mu pori?"

"Ule."

"Mungu wangu. Kwetu muntu anaingia mu pori juu ya kuni, ao juu ya asali. Yeye alikuwa anatafuta nini?"

"Hewa."

"Hewa! Donc hapa Ixelles hewa ilikwisha?"

Wanawake wakacheka. Océane hakucheka. Alikuwa na miaka tisa, ameketi karibu na mlango, mbele yake pakiti ya viazi vya kukaanga imeanza kupoa. Hakugusa hata kimoja.

Ilikuwa Oktoba 2012. Mwaka uliotangulia, Jumamosi kama hiyo, Sylvestre alipanda treni kwenda kwenye mji mdogo wa Waflamandi, kaskazini mwa Ubelgiji, akateremka, akatembea. Ndiyo ilikuwa starehe yake. Njia ilianzia kwenye msitu wa misonobari, ikakata nyika ya vichaka vinavyoishia magotini, ikafika kwenye matuta ya mchanga mweupe. Mchanga wa pwani kabisa, ila bahari haipo. Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa alimkuta amelala juu ya tuta, viatu miguuni. Moyo, daktari alisema.

Walimzika Brussels. Anne-Marie hakulia. Watu waliliona hilo, wakalisema. Mwaka mzima alikuwa akikingoja kilio kama mtu anayengoja basi lililofutwa.

Mtoto ndiye aliyeacha kula. Vijiko viwili, kisha anasukuma sahani. Walimpima damu, walimpima tumbo, hawakuona kitu. Wiki hiyo daktari alisema akirudi na uzito uleule atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani.

Ndipo Anne-Marie alipomkubalia shemeji yake.

Mukendi, mdogo wake Sylvestre, alifanya kazi kwenye ghala huko Anderlecht. Neno lake kuhusu kaka yake, aliyemwita yaya, lilikuwa moja tangu msibani. "Yaya alilala inje. Kwetu muntu akifia mu njia, banaenda kumubeba. Shiye tulibeba mwili tu. Sasa mutoto anamufwata baba yake, pole pole."

Anne-Marie alikuwa mtu wa kanisa. Alimkatalia mwaka mzima. Sasa hakuwa na nguvu ya kukataa, wala ya kuamini.

Masharti hayakuwa mengi. Wafike pale alipoanguka. Wafagie mchanga kwa nguo yake. Wamwite. Kisha mjane atangulie na nguo, ndugu afuate nyuma, na mjane asiseme neno na yeyote, asigeuke, mpaka afungue mlango wa nyumba yake kwa mkono wake. Na tiketi za kurudi ziwe tatu.

"Tatu?" aliuliza kituoni.

"Yaya hapandaka treni bila tiketi," Mukendi akasema. "Utamuletea haya leo?"

Walishuka kwenye mji ule jua likiwa limeshaegemea. Msituni kulikuwa na watembeaji wawili watatu wanaorudi, wenye fimbo na makoti ya mvua. Wakawaamkia kwa Kiflamandi, wakapita. Kila penye njia panda palisimama kigingi chenye namba. Sylvestre alizijua zote kwa kichwa.

Kwenye nyika upepo ulikuwa baridi. Vichaka vilikuwa vimekauka, rangi ya kutu. Kisha mchanga. Miguu ikaanza kuzama.

Mukendi alisimama juu ya tuta. Alikuja pale na polisi mwaka jana, kutambua mwili.

"Ni hapa."

Palikuwa mahali kama pengine popote. Anne-Marie alitoa shati, akainama, akafagia. Mchanga ulikuwa umelowa. Ulishika kwenye kitambaa.

"Yaya," Mukendi akaita kwa sauti ya chini. "Tumekuja. Twende kwetu. Mutoto hakulyi."

Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye vichaka. Anne-Marie alingoja asikie kitu ndani yake: hofu, huruma, chochote. Hakusikia. Akalikunja shati na mchanga wake, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akatangulia.

Mvua iliwakuta kwenye ukingo wa msitu. Palikuwa na kibanda cha mbao cha kujikinga, ukuta pande tatu, upande wa nne wazi kuelekea njiani. Ndani, benchi moja. Waliketi. Mukendi akaweka kidole mdomoni kumkumbusha. Anne-Marie akaitikia kwa kichwa.

Giza lilikuwa likishuka baina ya miti. Maji yalipiga bati. Halafu mvua ikapungua...

Ikakoma.

Ikaja harufu. Nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ikasahaulika sandukuni.

Kisha hatua. Pole pole, juu ya majani. Zilitoka nyuma ya kibanda, upande usio na mlango. Zikafika ukutani, zikasimama.

"Odi."

Sauti ya mwanamume. Ya chini, ya adabu. Kwa mama yake Anne-Marie, kule Likasi, Kongo, mtoto aliyesikia odi akanyamaza alichapwa, hata kama aliyebisha ni mdai. Miaka arobaini neno lile lilikuwa na jibu moja, na jibu halikuwahi kungoja ruhusa yake.

"Karibu," akasema.

Mukendi aligeuka. Macho yalimtoka.

Benchi likalia. Ubao wa mwisho, pembeni mwa Anne-Marie, ulibonyea taratibu kama unavyobonyea chini ya mtu mzito anayeketi kwa uangalifu.

Walitoka. Walitembea mpaka kituoni bila kugeuka, na nyuma ya hatua za Mukendi Anne-Marie alisikia hatua nyingine. Hazikuwa na haraka.

Ndani ya treni behewa lilikuwa tupu. Mukendi aliketi mbele yake, akainama, akanong'ona.

"Ulimwambia nani karibu?"

Anne-Marie akaweka kidole mdomoni.

"Sema tu, maman Océane. Sharti imekwisha kuvunjika."

"Nilisikia odi."

"Miye sikusikia."

"Nilisikia, Mukendi. Muntu alibisha."

"Sauti ya yaya?"

Alifikiri. Miaka kumi na minne ya ndoa. Alijaribu kuiweka sauti ile kinywani mwa mumewe. Haikukaa.

"Sijue."

Mukendi alitazama dirishani. Hakukuwa na kitu cha kuona nje, taa za mashamba tu.

"Sikia. Mufuko ule ni wa kwake. Tulimwita, alikuja, eko mu shati. Atabisha odi juu ya nini? Muntu anabishaka odi kwa wengine. Kwake anaingia tu."

"Alors ni nani?"

"Eko muntu mwingine alilala inje kule, mbele ya yaya kufika. Aliona tunabeba mwenzake."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayetaja kituo kinachofuata. Kisha akaunyoshea mkono mfuko. "Tuutupe. Hapa, mbele ya kufika."

Anne-Marie aliukumbatia.

"Na Sylvestre eko ndani?"

Mukendi aliurudisha mkono wake. Kwenye kituo cha Centrale alisimama. Walikuwa wamepatana afike naye mpaka nyumbani, wamwombee mtoto pamoja.

"Unisamehe," akasema. "Miye pia niko na batoto."

Akashuka.

Anne-Marie alichukua metro peke yake. Watu walijaa, lakini kiti cha kando yake hakikukaliwa. Mwanamke mmoja alikikaribia, akakunja pua, akaenda kusimama mlangoni. Kwenye lifti ya jengo lao la Anderlecht kulikuwa na harufu ileile. Alitafuta hofu ndani yake tena, kama mtu anavyopapasa mfuko wa koti kutafuta funguo. Funguo zilikuwepo. Hofu, hapana.

Akafungua mlango kwa mkono wake.

Claudine, aliyemrudisha mtoto nyumbani jioni, alikuwa jikoni, anapasha wali na maharage ambayo alijua hayataliwa. Océane alitoka chumbani. Alisimama kwenye korido, akamtazama mama yake, kisha akatazama nyuma ya mama yake. Akasogea ukutani kutoa nafasi, kama alivyofundishwa kuwapisha wakubwa.

"Bonsoir, tonton," akasema, kwa jina alilomwitia baba yake mdogo.

"Ah, Mukendi eko nyuma?" Claudine akaita kutoka jikoni. "Mwambie aingie, chakula iko."

"Mukendi alishuka Centrale," Anne-Marie akasema.

Mtoto alikuwa ameshaingia jikoni, ameshavuta kiti.

"Maman, niko na njala."

Claudine alisimama na mwiko mkononi. Kisha akapakua haraka, kabla neno lile halijarudi lilikotoka. Océane akala. Kijiko cha tatu. Cha nne. Claudine akaanza kulia na kumshukuru Yesu kwa sauti.

Anne-Marie alibaki amesimama, mfuko kifuani. Mashavu ya mtoto yalikuwa yakisogea. Mwaka mzima hakuwa ameona mashavu yale yakisogea vile.

"Océane. Papa eko hapa?"

Mtoto alitikisa kichwa kukana, mdomo umejaa. Akameza. Halafu kijiko kikasimama hewani, nusu ya njia. Alikuwa akisikiliza upande wa jokofu, pale pasipo na mtu.

Claudine akaacha kulia.

"Maman," Océane akasema. Akaweka kijiko chini, akaisukuma sahani kidogo. "Tonton anauliza kama aende."

Sahani ilikuwa imefika nusu. Mvuke bado ulikuwa unatoka.

"Mwambie akae," Anne-Marie akasema. "Weye kula."