Fundi Aliyesema Ameshiba

Chumba kilikuwa kimoja, na dirisha lake lilikuwa limepigiliwa misumari. Fundi mwenyewe ndiye aliyelipigilia. Juu yake akatundika gunia, ili hata ufa usipitishe upepo.

Hakuwa na wazimu. Alikuwa fundi magodoro, na adui wa fundi magodoro ni upepo. Watu walimletea magodoro ya zamani yaliyobonyea katikati. Aliyafumua, akaichapa pamba kwa fimbo mpaka ikafura, akaijaza upya. Kisha alishona kwa shazia, ile sindano ndefu na nene ya kushonea magunia. Upepo ukiingia, pamba hupaa, na kazi ya asubuhi nzima huwa imekwenda na maji.

Humo humo walilala watu wanne. Fundi, mkewe, Binti yao wa miaka kumi, na mtoto wa mwisho aliyeitwa Kibonge. Kibonge alizaliwa mnene, mashavu yamejaa, na majirani wakampa jina hilo kabla wazazi hawajafikiria jingine. Sasa alikuwa na mwaka na nusu, na jina lilikuwa limeanza kumpwaya.

Walipika mara moja kwa siku, sufuria moja. Mkewe akitaka kumwongeza Fundi chakula, Fundi huweka kiganja juu ya sahani. "Nimeshiba, mama watoto. Wape hao." Alisema hivyo hata siku ambazo tumbo lake liliunguruma mbele ya wote. Siku moja Binti alimwambia, "Baba, tumbo lako linakusuta." Wakacheka wote. Hata Kibonge alicheka, ingawa hakujua kinachochekwa.

Kisha Fundi akaanza kukohoa.

Alisema ni vumbi la pamba. Kila fundi magodoro hukohoa, alisema, hata baba yake alikohoa. Ni kweli, baba yake alikohoa mpaka akafa, na siku ya mazishi watu walisema ni vumbi. Vumbi hubebeshwa lawama nyingi kwa sababu haliwezi kujitetea.

Miezi ikapita. Fundi akakonda. Alikuwa akiamka shuka limelowa jasho. Asubuhi moja fimbo ilimponyoka, akainama, akatema damu juu ya pamba nyeupe. Mkewe hakungoja tena. Alimshika mkono mpaka zahanati.

Makohozi yalipimwa. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Muuguzi alikuwa peke yake, na foleni ilitoka nje ya mlango. Aliwaeleza haraka haraka, akawapa vidonge, kadi na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. "Mengine yote yamo humu," alisema. "Someni vizuri mkifika nyumbani." Akaita mgonjwa mwingine.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kusoma, na hakuna aliyesema. Ndivyo tulivyo. Mtu mzima yuko radhi kuitikia "sawa" mara kumi kuliko kusema mara moja tu, "Sijui kusoma."

Mama aliitunza sana karatasi ile. Aliifunga ndani ya plastiki, akaiweka kwenye kopo la bati pamoja na kadi za kliniki za watoto. Akakataza mtu yeyote asiiguse, isije ikapata mafuta ya mikono. Kwake karatasi ya hospitali ilikuwa mali, na mali hufichwa.

Binti alijua kusoma. Alikuwa darasa la nne. Lakini baba hakuwa tena na nguvu za kuchapa pamba, na bila pamba hakuna sufuria jikoni. Basi Binti akaambiwa apumzike shule kidogo, mpaka baba apate nafuu. Kidogo hicho kikawa muhula mzima. Msomaji pekee wa nyumba ile alisimama na fimbo mkononi, hatua mbili kutoka kwenye lile kopo, na hakuna aliyemwuliza.

Majirani nao walikuwa na elimu yao. Walimwambia Mama atenge vyombo vya mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa huo huambukizwa kwa sahani. Mama akachukua msumari, akachora alama kwenye sahani, kijiko na kikombe cha Fundi. Tangu hapo Fundi alikula pembeni, akiwapa mgongo watoto wake. Mama aliridhika kwamba amewakinga. Dirisha lilibaki limepigiliwa.

Dawa zilifanya kazi. Baada ya mwezi mmoja kikohozi kilipungua, jasho likakoma. Na njaa ikaja.

Njaa ya mtu anayepona si njaa ya kawaida. Mwili uliokuwa ukiliwa unadai kurudishiwa nyama yake, na unadai leo. Fundi alimaliza sahani yake, macho yakabaki kwenye sufuria. Aliota chakula. Alijichukia kwa kuota chakula.

Mchana mmoja alibaki peke yake na Kibonge aliyekuwa amelala. Ndani ya sufuria kulikuwa na fungu la mtoto. Fundi alifunua, akala tonge moja. Kisha akala lote, akakwangua na ukoko kwa kucha. Kibonge akaamka. Alikuja akiyumba, akatia mkono ndani ya sufuria, akautoa mtupu, akamtazama baba yake. Hakulia. Laiti angelia, labda Fundi angesema kitu.

Hakumwambia mtu. Lakini siku hiyo alifanya uamuzi wake. Kikohozi kimekwisha, aliwaza. Kilichobaki ni hivi vidonge, na ndivyo vinavyokula chakula cha watoto.

Kila asubuhi Mama alimpa vidonge na kikombe cha maji. Fundi aliviweka chini ya ulimi, akanywa maji, akarudi kwenye kazi. Mama akigeuka, alivitema. Alivisukuma ndani ya mshono wa godoro lao wenyewe, akashona juu yake mara mbili kwa shazia. Nani angeona mshono mpya kwenye nyumba ya fundi magodoro?

Tarehe ya zahanati ikifika alikwenda, akapewa vidonge vingine, akasema anaendelea vizuri. Na kweli njaa ilishuka. Alirudia neno lake la zamani. "Nimeshiba. Wape hao."

Nataka uelewe jambo moja kabla hujamtukana. Mtu huyu hakuwa mzembe wala mlevi. Alikuwa baba aliyejinyima ili mwanawe ale. Alifanya kosa kwa upendo, na kosa la upendo huua sawasawa na kosa jingine.

Kikohozi kilirudi. Fundi alisema ni vumbi. Mama aliamini, kwa sababu dawa alikuwa akimpa kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu Kibonge akaacha kucheza. Alipata homa isiyopanda sana wala kushuka. Wakasema meno. Alikataa kula, yeye aliyekuwa akipigania ukoko. Mwishoni shingo yake ilikaza, akawa anatazama dari bila kupepesa. Walimkimbiza hospitali. Daktari alimpima, kisha akauliza nani anakohoa nyumbani. Mama akajibu kwamba ni baba yake, lakini anakunywa dawa, hajakosa hata siku moja. Daktari aliandika, akatikisa kichwa. Alisema kifua kikuu kimeingia ubongoni mwa mtoto, na kwa mtoto mdogo aliyedhoofika kwa njaa huwa kinakwenda mbio.

Kibonge alifariki siku ya tatu.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama alilitoa nje godoro ambalo mtoto alikuwa ameuguzwa juu yake. Alitaka kulifumua, aanike pamba juani. Binti alimsaidia kuvuta uzi. Mshono ulipoachia, pamba ilitoka, na pamoja na pamba vikamwagika vidonge. Vilikuwa vingi. Vingine vilikuwa vimelika, vingine vizima kama vilivyotolewa jana. Binti aliviokota, akavijaza kwenye pindo la gauni lake.

Mama aliingia ndani, akachukua sahani yenye alama ya msumari, akaviweka vidonge vyote humo. Akaiweka mbele ya mumewe kama anavyoandaa chakula.

Ni wakati huo huo Mama Mkoba alipobisha hodi. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa ule, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila mkoba wake begani. Hospitali ilikuwa imemtuma aje awapime wote. Aliiona sahani, akaelewa. Akavuta kigoda, akaketi.

Fundi aliongea bila kuinua uso. "Vilikuwa vinanitia njaa," alisema. "Nilikula chakula cha Kibonge. Nilikimaliza chote, na yeye ananitazama. Nikaona afadhali nife mimi, yeye ale."

Mama alikuwa akilia bila sauti, mkono mdomoni.

"Shemeji," Mama Mkoba alisema, "ile njaa haikuwa ugonjwa. Ilikuwa afya yako inarudi. Ulipoacha dawa, wadudu waliobaki kifuani waliongezeka tena. Ukakohoa, na hewa ya humu ndani ikajaa."

Mama akasema kwamba alitenga vyombo tangu siku ya kwanza. Alionyesha alama ya msumari.

"Sahani haina kosa, mdogo wangu. Kifua kikuu hakipiti kwenye sahani wala kijiko. Kinapita hewani, mgonjwa akikohoa. Mliitenga sahani, mkalifunga dirisha." Alitazama gunia, akatazama pamba iliyotanda kwenye kuta. Kisha akauliza, "Karatasi ya zahanati mlipewa?"

Mama alileta kopo. Karatasi ilitoka kwenye plastiki ikiwa safi, haina hata kunjo jipya. Mama Mkoba hakuisoma yeye. Alimpa Binti.

Binti alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Fungua madirisha ya chumba anacholala mgonjwa. Walete watoto wote wa nyumba hiyo wapimwe, na wasioumwa wapewe dawa ya kinga. Usiache dawa hata ukijisikia umepona, mpaka utakapoambiwa. Akageuza upande wa pili. Pale sauti yake ilianza kukwama.

"Dawa hizi huongeza hamu ya kula. Kama nyumbani hakuna chakula cha kutosha, mwambie muuguzi. Mgonjwa na watoto watapewa unga wa lishe."

"Soma tena hapo," Mama alisema.

Binti akasoma tena.

Fundi alifunika uso kwa mikono yenye pamba. "Basi mimi ndiye niliyemuua," alisema.

Mama Mkoba hakukimbilia kumbembeleza. "Waliomuua ni wengi," alisema. "Njaa imo. Hili dirisha limo. Foleni imo, maana muuguzi mmoja hawezi kuongea na watu mia. Na sisi tunaogawa karatasi bila kuuliza nani anajua kusoma, tumo pia. Nimewahi kukaa kwenye mafunzo na wahudumu waliotoka nchi za mbali. Lugha zao sikuzijua, nilitafsiriwa. Kila mmoja alisimulia nyumba kama hii. Palipo na njaa, chumba kimoja na mtoto aliyetolewa shule, ugonjwa huu hauhitaji kualikwa. Na hauishii hapo. Hutoka ukapanda basi, ukaenda hata kwa walioshiba." Akaisukuma ile sahani pembeni. "Lakini vidonge vya kesho, shemeji, ni vyako wewe peke yako."

Fundi alisimama, akachukua koleo, akaenda dirishani. Misumari ilikuwa imeshika kutu, akaivunja mmoja mmoja akikohoa. Gunia lilipoanguka, mwanga uliingia mpaka ukutani, na pamba ikapaa chumba kizima. Hakuna aliyeishika.

Walipimwa wote. Mama alikuwa mzima, akapewa dawa ya kinga. Binti alikutwa na ugonjwa, ungali mchanga. Ni yeye aliyekuwa akichapa pamba kutwa kando ya baba yake. Fundi alipimwa upya, na ikaonekana wadudu wake bado wanasikia dawa zile zile. Mama Mkoba alisema hiyo ni bahati, kwa sababu wengi wanaoacha dawa katikati huishia kwenye matibabu marefu na magumu zaidi.

Unga wa lishe ulitolewa, kwa sababu safari hii Mama alisema mbele ya foleni nzima, "Nyumbani hatuna chakula, na mimi sijui kusoma." Nyuma yake wanawake wawili wakasema nao hawajui. Mwaka huo huo alijiandikisha kisomo cha watu wazima.

Fundi alihamishia kazi nje. Aliomba chandarua chakavu kwa jirani, akakitundika kwenye miti minne. Pamba ikabaki ndani, hewa ikapita. Karatasi ilibandikwa ukutani kando ya dirisha, ikashika moshi na alama za vidole. Binti alirudi shule baada ya wiki chache za dawa. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, alisimama mbele ya baba yake wakameza vidonge pamoja. "Fungua mdomo, Baba. Inua ulimi." Fundi alilalamika kwamba amekuwa mwanafunzi wa mwanawe. Lakini aliuinua.

Njaa ilirudi kama ilivyorudi mara ya kwanza. Jioni moja walikuwa wamekaa mkekani, sasa wote pamoja. Mahali pa Kibonge palikuwa patupu. Walikuwa hawajajifunza kusogea. Fundi alimaliza sahani yake. Mama alimtazama, mwiko mkononi, akingoja kile kiganja kifunike sahani na lile neno litoke.

Fundi aliitazama sufuria kwa muda mrefu. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Niongezee," alisema.

Mama akampakulia. Fundi akala, machozi yakimdondokea kwenye chakula, na hakubakisha kitu.