Bunduki Nyepesi ya Fundi Saa

Jamani, watu wakisimulia aibu huanza na "nyumba fulani" au "jirani mmoja". Mimi sina jirani wa kumsingizia. Nyumba ni yetu, na aliyepatwa ni baba yangu mzazi.

Baba alikuwa fundi saa. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha kubwa linaloangalia barabara na meza mbili zilizogusana, yake na yangu. Asubuhi za Jumamosi zilikuwa tamu. Saa za ukutani ziligonga kila moja kwa wakati wake kama ndugu wasioelewana, Mama alituletea chai, na Baba alikuwa ameinama, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia. La kushoto lilikuwa hafifu tangu utotoni. Kwa hiyo watu wanne wa nyumba ile, pamoja na bibi, tulikula kwa jicho moja. Lishikeni hilo.

Kila mwaka, msimu ukifunguliwa, Baba alichukua kibali chake akapanda mlimani kuwinda swala. Bunduki yake ilikuwa ya zamani na nzito, na ilimfaa. Hakuwa na neno nayo mpaka alipoingia Mluzi, mkata vioo wa mtaa wa pili na mwenzake wa kuwinda.

"Fundi, mwaka huu tena unapanda na lile gogo?"

"Gogo linaua."

"Linaua mgongo wako! Mwenzio nimempiga swala ng'ambo ya bonde. Hatua mia tano! Bunduki nyepesi kama mwavuli."

"Mia tano, au uliota?"

"Kamuulize swala."

Baba alicheka. Lakini chai yake siku hiyo ilipoa bila kuguswa.

Tangu hapo nyumba ikawa na mgeni asiyeonekana, naye ni risasi. Baba alibandika ukutani majedwali ya kasi ya risasi na jinsi inavyoshuka njiani, juu kabisa ya tiketi za saa za wateja. Mama akimwambia bomba linavuja, alijibu kwa habari za upepo. Miezi miwili alichagua. Mtu aliyezoea kupima vitu kwa unywele alidhani kuchagua sana ndiko kuchagua vizuri.

Nilimsindikiza kwa fundi bunduki, mama mtu mzima mwenye mikono mikavu na maneno machache. Mluzi naye alikuja, kwani ngoma bila mpiga vigelegele hainogi. Yule mama aliweka risasi mbili kaunta.

"Zote mbili zina bunduki zake fupi, nyepesi," alisema. "Hii ni ya wastani. Hii nene ndiyo magnamu fupi. Imeshiba baruti, inafika mbali sana."

"Hiyo hiyo!" Mluzi akadakia.

"Sijamaliza. Nguvu inayokwenda mbele, nyingine kama hiyo hurudi nyuma. Bunduki nzito huimeza. Nyepesi humkabidhi mwenyewe." Akamgeukia Baba. "Kaka, wewe hupiga umbali gani? Umbali wa kweli, si wa kijiweni."

Baba alikohoa. "Hatua mia mbili. Mia mbili na hamsini siku ikiwa nzuri."

"Basi ya wastani inakutosha na chenji inabaki."

"Hiyo wape kina mama," alisema Mluzi.

"Ndiyo ninayotumia mimi," fundi akamjibu, "na nyama nakula. Wewe tunakusikia tu."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alichukua bunduki ya magnamu fupi. Fundi akamwonyesha kifaa cha kufunga kwenye ncha ya mtutu ili teke lipungue. Baba akakataa, kinaongeza uzito. Yule mama akaomba walau amfungie darubini ya kulengea. Baba akakataa tena, kwani naye ni fundi.

Nyumbani aliipima bunduki kipande kwa kipande kwenye mizani yetu ya karakana, ile ya vito vya saa. Alibandua mpira wa kwenye kitako kwa sababu ulikuwa na gramu zake. Kisha akafunga darubini. Wenye kujua husema darubini ya bunduki kali ikae mbali na jicho, vidole vinne na zaidi. Baba alikuwa na miaka thelathini ya kubana kioo ndani ya tundu la jicho. Mkono wake uliisogeza darubini mpaka ilipokaa pale alipozoea. Niliona. Nilikuwa meza ya pili, umbali wa mkono. Nilijisemea kwamba mtoto hamfundishi mzee wake kufunga skrubu.

Siku ya kuijaribu, kwa risasi ya kwanza darubini ilirudi nyuma ikamchana juu ya jicho la kulia, alama ya mwezi mchanga.

"Umegongwa muhuri!" Mluzi alipiga makofi. "Karibu kwenye chama!"

Baba alifuta damu akacheka naye. Angeirudisha bunduki kwa yule mama aisogeze darubini mbele, kazi ya robo saa. Lakini angeanzaje kumwambia? Alipiga nyingine saba, na nilimwona akifumba macho kabla ya kila mlio. Katika hizo, mara mbili darubini ilimgonga palepale.

Wiki iliyofuata aliangusha skrubu mara tatu asubuhi moja.

"Baba, unaumwa?"

"Vimulimuli tu, mwanangu. Vinapita pembeni."

"Mchana?"

"Fanya kazi yako."

Nilimwambia Mama. Mama akamvaa mezani. "Baba watoto, leo twende hospitali ya macho."

"Msimu unafunguliwa kesho kutwa. Nikirudi."

"Swala atangoja. Jicho je?"

"Mke wangu, nimesema nikirudi."

Alikwenda. Ya huko nimeyapata kwa Mluzi, ambaye siku hizi haongei sana. Swala alikuwa juu yao, kwenye mteremko. Baba alilala kifudifudi, akainua mtutu, na mtu akilenga kwenda juu darubini humsogelea zaidi. Alifyatua, darubini ikamgonga tena. Swala alivunjika mguu wa nyuma akapotelea kwenye mawe. Walimtafuta siku mbili wasimpate. Baba hakumwambia mwenzake kwamba pazia jeusi lilikuwa likishuka jichoni.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituambia utando wa nyuma ya jicho ulichanika na kubanduka. "Mngemleta siku ya vimulimuli," alisema. Walimpasua mara mbili. Jicho limebaki la kujua kumekucha au kumekuchwa, basi.

Sikulia. Nilirudi nikafungua karakana, kwa kuwa kulikuwa na saa za wateja, kumi na moja kwa idadi, zikingoja. Nikakaa kwenye meza yake, yenye mwanga mzuri. Mama alifagia. Bibi aliuliza kama kuna maji ya kuoga. Siku ikaisha kama siku nyingine, na iliyofuata hivyo hivyo.

Sasa Baba huvisha saa mikanda. Saa ndogo za kike amezikabidhi kwangu. Juzi mteja wake wa zamani alimpa moja mkononi. Baba akaigeuza, akaisogeza karibu kabisa na jicho la kushoto, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Mpe binti."

Mteja akanipa. Nikaifungua.

FUNZO

Wenzangu, sikuja kulaumu bunduki, wala uwindaji, wala baruti. Kila chombo kina mtu wake. Baba alijua umbali wake na aliutaja kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akanunua umbali wa mwingine. Ukichagua chombo, chagulia kazi unayoifanya, siyo macho ya wanaokutazama. Ukiumia, sema siku hiyohiyo. Aibu ya kurudi kwa fundi ni ya robo saa.

Nanyi mliokaa meza ya pili, msijifiche nyuma ya heshima. Anayeona mzazi wake akikosea akanyamaza hajamheshimu, amemwacha peke yake. Nami nilimwacha.