Utepe wa Omu Nne

Kila nikitoka shule nilibadilisha sare, nikanywa chai, kisha nikaingia karakana. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango mpana wa bati na meza ndefu iliyojaa waya. Mama ni fundi wa muziki wa magari. Wateja wapya humwuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Naye huwajibu, "Ndiye unayeongea naye. Fungua buti." Nimelisikia jibu hilo mara mia, na bado linanichekesha.

Mimi waliniita Chapuchapu, kwa sababu sijui kufanya jambo polepole. Mdogo wangu, mwenye miaka tisa, tulimwita Kishindo. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, lakini hupenda chochote kinachotetemesha sakafu. Mlango ukibamizwa, yeye hucheka. Besi ikipigwa, hata umfunge kamba, atacheza tu.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Kabla ya kuunga spika yoyote, unaipima kwa mita, unaandika omu zake kwenye kipande cha utepe, unachora alama yako, unabandika. Alama ya mama ilikuwa duara, yangu nyota. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Zikiwa chache mno, umeme hupita mwingi kuliko amplifaya inavyoweza kubeba, nayo hupata moto na kujizima.

"Sanduku linasema, mita inaona," mama alizoea kutuambia.

Ijumaa moja, mwalimu wa ngoma wa shule ya Kishindo alituletea gari lake. Kesho yake saa nne asubuhi wanafunzi wake viziwi wangecheza mbele ya wazazi. Masanduku mawili ya spika za besi, yanayopigwa na amplifaya iliyo ndani ya gari hilo, huwekwa chini ya jukwaa la mbao, nao hufuata mapigo kwa nyayo zao. Bila besi hakuna mchezo. Amplifaya yake ilikuwa imeungua, na mama alikuwa amemtafutia mpya kwa muuza vipuri wake wa siku zote.

"Chapuchapu, pima hizo spika ubandike utepe," mama aliniambia huku akikaza nati.

Wenzangu walikuwa wananipigia mluzi nje. Timu ya rede, mchezo wa kukwepa mpira, ilikuwa imepungukiwa na mtu mmoja. Nikatazama masanduku. Yote mawili yalikuwa na kibandiko: omu 4. Ya nini kupima kitu kilichoandikwa? Nikaandika 4, nikachora nyota mbili nzuri kabisa, nikatoka mbio.

Niliporudi, mama alikuwa ameshaunga. Alikuwa amesoma utepe wangu akapiga hesabu: nne na nne zikiungwa sambamba, kila spika na waya zake moja kwa moja kwenye amplifaya, zinakuwa mbili, na amplifaya hii inavumilia mbili. Akawasha. Du! Du! Du! Kishindo aliweka viganja kwenye bodi la gari akaruka kwa furaha.

Baada ya dakika tano, kimya. Taa nyekundu ikawaka. Mama akaigusa amplifaya, akarudisha mkono upesi. "Loo! Moto kama pasi!"

Aliacha ipoe, akawasha tena. Ikazima. Akabadilisha fyuzi, akakagua waya mmoja mmoja, akawasha mara ya tatu. Ikazima tena. Kishindo, aliyekuwa ameshavaa fulana yake ya kuchezea, akaniuliza kwa mikono, "Kesho hatuchezi?"

Nikamwashiria asubiri kwanza.

"Yule bwana ameniuzia mbuzi kwenye gunia," mama alisema kwa hasira, akachukua simu. "Miaka yote hii namwamini! Leo atanisikia, na sinunui kwake tena."

Muuza vipuri hakuwa na kosa, nami nilishaanza kulijua kosa lilipo. Nikaichukua mita iliyotundikwa msumarini ukutani, nikachomoa waya za spika, nikapima. Sanduku la kwanza, moja nukta nane. La pili, moja nukta nane. Spika ya omu mbili husoma pungufu kidogo hivyo hivyo. Mbili na mbili sambamba ni moja. Tulikuwa tunaibebesha amplifaya mzigo usio wake.

"Mama, usipige simu."

"Kwa nini nisipige?"

"Sikupima." Nilimwonyesha mita. "Nilinakili kibandiko nikaenda kucheza rede. Hizi ni omu mbili. Nyota zangu ni za uongo."

Mama aliweka simu mezani. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akanisukumia bisibisi.

"Haya, fundi wa rede. Tunafanyaje?"

Nilifuta machozi nikafikiri. "Tuziunge mfululizo. Mbili jumlisha mbili, nne. Besi itapungua kidogo, lakini haitazima."

"Basi unga. Mimi sigusi."

Niliunga polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Chanya ya amplifaya kwenye chanya ya spika ya kwanza. Hasi ya spika hiyo kwenye chanya ya pili. Hasi ya pili ikarudi kwenye amplifaya. Nikapima yote pamoja: tatu nukta sita. Tukawasha. Dakika tano zikapita, kumi, saa nzima. Amplifaya ilikuwa vuguvugu tu. Kishindo alicheza mpaka akaketi chini akihema.

Mwalimu alipokuja kuchukua gari, mama aliniacha nimweleze mwenyewe. Akajishika kichwa. "Ala! Mwaka jana nilibadilisha spika, masanduku yakabaki yale yale! Ndiyo maana ile ya kwanza iliungua!"

Jumamosi asubuhi jukwaa lilitetemeka. Watoto kumi na wawili walipiga mguu kwa pamoja, na Kishindo mbele yao hakukosea pigo hata moja. Mama alinishika bega.

"Kukosea si aibu, mwanangu, hata mimi nimeunguza vingi," alisema. "Lakini nilikuwa na spika mbele yangu, mita msumarini, na sikupima, kwa sababu niliiona nyota yako. Mtu akiweka alama yake, wenziwe hufumba macho wakamwamini. Usiiweke mahali ambapo hukutazama."

Tuliporudi, alitoa mfukoni utepe mmoja wa omu nne, alioubandua kwenye sanduku Ijumaa, akaubandika ukutani, juu kidogo ya msumari wa mita. Uko pale mpaka leo. Kila ninapoinua mkono kuichukua mita, nauona kwanza.