Kibao Kilichotazama Msitu

Mjomba wangu alikuwa fundi wa vibao vya barabarani, na tangu mkewe afariki vibao ndivyo vilivyokuwa watu wake wa kuzungumza nao. Alikuwa akishuka kwenye pikapu ya idara, anakipiga kibao kofi la mgongoni kama mtu anayemsalimia rafiki, anakiuliza kimeamkaje, kisha anakiosha uso kwa maji ya sabuni. Kilichoinama alikinyoosha. Kilichogeuzwa na lori alikirudisha kitazame barabara, na hapo hakuwa na mjadala. Kibao kinachotazama pembeni kilimkera kama jiwe ndani ya kiatu, na asingekipita hata kama angekuwa anawahi harusi.

Alipenda sana vibao vya ajabu, na barabara zetu hazina uhaba navyo. Kulikuwa na kimoja cha kuonya kwamba kuna ng'ombe, ambacho mchoraji wake, mjomba aliapa, alimchora kiboko kisha akamwongezea pembe. Kulikuwa na kingine cha watoto wavukao barabara, rangi ikachuruzika, mtoto mmoja akawa na miguu mitatu. Pale kwenye kona kali palikuwa na mshale ulioelekea kushoto ilhali barabara inapinda kulia. Madereva walikuwa wameshauzoea, wakawa wanasoma kinyume. Kila alipokutana na kituko kama hicho alikipiga picha kwa simu na kumtumia binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali. Binti alijibu kwa vicheko. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na mjomba aliishi kwa hayo kama wengine wanavyoishi kwa chakula.

Binti hakuwa amekanyaga nyumbani tangu msiba wa mama yake. Siku ninayoisimulia ndiyo aliyokuwa anakuja. Alikuwa na ujauzito, na alikuwa amemwambia baba yake kwamba angependa ajifungulie kwao, akae hata miezi kadhaa. Mjomba alipaka rangi chumba cha ndani. Alinunua godoro. Alipiga deki sebule mara mbili kwa siku, na wanawake wa mtaani walimtania kwamba mzee anaoa. Alicheka nao, akakubali kwamba anaoa.

Asubuhi aliacha ufunguo kwa jirani ili binti akifika mchana asisimame mlangoni, akaenda kazini. Mkuu wake alikuwa amemtuma kukagua barabara ya zamani ipitayo msituni. Tangu ifunguliwe barabara mpya, magari yaliikimbia ile ya zamani, na majani yalikuwa yameanza kuila lami kutoka pembeni. Kabla yake, barabara hiyo ilikuwa ya fundi mwenzake waliyemwita Spana, ambaye alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Mjomba hakuwahi kuifanyia kazi.

Jua lilikuwa limeshapanda alipokiona kibao. Kilikuwa upande wa kulia, kwenye nguzo ya chuma iliyosimama wima kabisa, lakini kilikuwa kimeipa barabara mgongo. Uso wake ulitazama msitu.

Mjomba aliegesha gari, akashuka huku akiguna, akazunguka kwenda kukitazama. Kilikuwa duara jeupe lenye ukingo mwekundu na mstari mwekundu uliokata katikati, kama vile vyote vinavyokataza. Ndani ya duara palichorwa mtu anayetembea. Hakutoka kiwandani yule. Alichorwa kwa mkono. Kichwa kilikuwa kidogo, mwili mrefu, na mikono ilifika chini ya magoti. Mjomba alicheka peke yake. Akasogea pembeni, akapiga picha.

Ndipo alipoona majani. Upande wa msitu palikuwa na njia iliyokanyagwa, pana, ngumu kama uwanja wa shule. Ilitoka kwenye miti, ikaja moja kwa moja hadi kwenye kibao. Hapo ikakoma. Kati ya kibao na lami majani yalisimama mabichi, hayajakanyagwa na mtu ila yeye. Mjomba alijiambia ni ng'ombe. Hakujiuliza ni ng'ombe gani hao wanaofika barabarani wakageuka.

Alichukua spana, akalegeza boliti. Zililegea kwa urahisi, zilikuwa na grisi mbichi, na hilo nalo lilimshangaza kidogo, maana vibao vingine vyote vya njia ile vilikuwa na kutu ya kukata vidole. Lakini mazoea yana taabu. Mkono ulikuwa umeshaanza kazi, na mkono wa fundi ukishaanza haungoji kichwa. Alikigeuza kibao kikatazama barabara, kama kibao chochote chenye akili kinavyopaswa. Akakaza. Akakipiga kofi la mgongoni.

Ndege wakanyamaza.

Si kwamba walipungua. Walinyamaza wote, kwa pamoja. Mjomba alisimama akisikiliza, akasikia pumzi yake tu, akaingia kwenye gari akaondoka.

Mbele, msitu ulipokwisha, simu ilishika mtandao. Aliegesha kivulini ale chakula alichobeba, akamtumia binti ile picha. Binti alikuwa ameshafika nyumbani. Alimjibu kwamba chumba ni kizuri mno, kwamba amelia alipokiona. Kisha ukaja ujumbe wa pili: "Afadhali baba umepata mwenzio wa kazi. Nilikuwa naumia ukizunguka peke yako. Mbona mrefu hivyo?"

Mjomba aliifungua picha. Aliona kibao, njia na miti. Utani huo hakuuelewa, akampigia Spana ili wacheke pamoja. Alimweleza habari za mtu mwenye mikono mirefu na za fundi asiyejua kibao kinatazamishwa wapi. Upande wa pili Spana hakucheka.

"Umekigeuza?" Spana aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Nimekigeuza ndiyo. Kilikuwa kinatazama miti, kaka."

"Kinawatazama wao, mdogo wangu. Sisi hakituhusu."

Mengine Spana aliyasema kwa haraka, na mjomba aliyakumbuka vipandevipande. Kwamba alikikuta kibao pale, kama aliyemtangulia alivyokikuta. Kwamba kazi ilikuwa kukipaka rangi na kukitia grisi kisianguke, basi, na hata alipostaafu alikuwa akienda kwa baiskeli kukitazama. Kwamba hakumwambia mtu ofisini, nani angemsikiliza. Alidhani njia imekufa na hakuna fundi atakayepita tena. Akamwomba arudi akigeuze jua likiwa bado juu, na asitazame miti.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mjomba hakuwa mtu wa kuamini kila neno. Lakini alikuwa amefanya kazi na Spana miaka mingi, na hakuwahi kumsikia akiomba.

Alirudi. Kibao kilikuwa vilevile, kinatazama barabara. Lakini majani ya kati ya kibao na lami yalikuwa yamelala. Yamelala yote, yamelazwa kuelekea barabarani. Ng'ambo ya lami, upande ambao asubuhi hapakuwa na njia, majani nayo yalikuwa yamelala kidogo, mahali padogo tu. Kama mtu mmoja amesimama hapo muda mrefu, akingoja gari.

Mjomba hakutazama miti. Alilegeza boliti. Aliponyokwa na spana, akaiokota. Aligeuza. Wakati anakaza, nyuma yake alisikia pikapu ikilia. Springi zilikaa chini taratibu, kwa mlio mrefu, kama zinavyokaa mtu mzito anapopanda. Alidhani ni vifaa vimehama. Alijilazimisha kudhani hivyo. Boliti zilipokazwa, ndege wakaanza tena kuimba msituni, na mjomba akashusha pumzi.

Waliokuwa ndani ya msitu walibaki ndani. Aliyekuwa ameshatoka nje hakuna aliyemfikiria.

Gari lilikuwa zito njia nzima. Kwenye vilima liliguna, na mjomba aliendesha akitazama mbele tu, akimuwaza binti yake, akiwaza atamkumbatiaje na tumbo lile. Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Binti alikuwa mlangoni, amevaa khanga ya mama yake, anatabasamu. Mjomba alishuka. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Karibuni, baba," binti alisema, akitazama nyuma ya pikapu. "Mwambie na mwenzako ashuke, asione aibu. Karibu ndani, ndugu, hapa ni nyumbani."

Mjomba aligeuka. Nyuma ya pikapu kulikuwa na ngazi, ndoo na makopo ya rangi. Hakukuwa na mtu.

Kisha springi zikanyanyuka.

Binti alisogea kidogo mlangoni, kama mtu anavyompisha mgeni. Alipogeuka kutazama sebuleni, tabasamu lilikuwa linamwondoka. Alisema ni ajabu, alidhani amemwona mgeni akiingia. Ndani, kiti kikubwa cha pembeni kililia. Kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

Mjomba alifanya jambo ambalo binti yake hajamsamehe. Hakumruhusu kurudi ndani. Alimwambia arudi kwa mumewe, leo hii, basi la jioni bado lipo. Binti alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, aliuliza amekosa nini. Mjomba angemwambia ukweli, lakini alimjua mwanawe: angesema siwezi kukuacha peke yako na kitu hicho, na angekaa. Kwa hiyo alitafuta maneno ya kuumiza. Alisema amezoea upweke, kwamba kelele za mtoto hatazimudu uzeeni. Alimtolea mzigo ndani, akambebea hadi kituoni, akasimama mbali naye kama mpagazi, na basi lilipoondoka binti hakupunga mkono.

Usiku ule mjomba hakulala kwenye chumba chochote. Alilala ndani ya pikapu. Asubuhi aliingia na kopo la rangi. Kwanza alichora mshale mkubwa ukutani sebuleni, unaoelekea mlango wa nje. Haukufaa kitu. Baadaye alinieleza, karibu akitabasamu, kwamba yule ni sawa na madereva wote, ukimwelekeza hasikii. Akachora kwenye bati duara lenye mstari, na ndani yake mtu mwenye mikono mirefu, akalitundika kwenye mlango wa chumba cha kulala, uso ukitazama sebule. Hilo lilisikilizwa. Nyayo zilikuwa zikija hadi mlangoni. Hapo zikakoma. Zikasimama muda mrefu. Zikarudi kitini.

Spana alikuja mara moja, akasimama uani, akaichungulia sebule kupitia dirisha. Mjomba alimuuliza mtu kama huyo anarudishwaje. Spana alisema hajui. Maisha yake yote alikuwa amewazuia tu, hakuwahi kumrudisha hata mmoja.

Akaishi hivyo. Chumba cha kulala, jiko la uani, kazi, chumba cha kulala. Mimi nilikwenda kumtazama, akanipokea kwenye geti na kunizuia nisiingie. Lakini mlango ulikuwa wazi, nikaona ukuta ulio juu ya kiti cha pembeni. Palikuwa na doa la mafuta, la duara, kama lile linaloachwa na kichwa cha mtu anayeegemea ukuta kila siku. Lilikuwa karibu na dari.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Alimeza uchungu wake, akampigia baba yake jioni moja. Mjomba alikuwa amekaa kitandani, mlango umefungwa. Binti alisema hana kinyongo tena. Alisema mtoto ana macho ya bibi yake. Aliomba aje siku moja tu, amwonyeshe, kisha aondoke.

Mjomba alifumba macho. Hakuna alichokitaka zaidi duniani kuliko hicho. Alivuta pumzi, akatafuta tena maneno ya kuumiza, na kabla hajayapata, sauti ilisema kutoka ng'ambo ya mlango. Ilisema kwa upole, karibu kabisa na mbao.

"Mwache aje."

Kisha binti akauliza, taratibu, "Baba, nani huyo?"

"Hakuna mtu, mwanangu," mjomba alisema. "Niko peke yangu."